Tafiti za dodoso Mwanza na visiwani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu vibali, taarifa binafsi, vishikwambi na akili mnemba

Majibu haya ni ya wanaosimamia tafiti za kaya, za mialoni (ufukweni wanakoshushia samaki) na za simu katika Mkoa wa Mwanza: wanafunzi wa uzamili, asasi, kampuni za utafiti wa soko, watu wa afya. Maswali ya sheria na ya teknolojia huletwa kama mambo mawili tofauti, lakini mengi yana mzizi mmoja. Anayekagua data anapaswa kuweza kujua kila jibu lilipatikana wapi na namna gani. Anayesoma data asiweze kujua ni la nani. Tafiti nyingi hushughulikia upande mmoja na kuuacha mwingine.

Nianze na kibali kipi?

Anza na maadili. Kamati za maadili huchukua muda mrefu kuliko ofisi nyingine zote, na ofisi zinazofuata zitakuuliza cheti hicho kwanza. Kwa utafiti wa afya Mwanza kuna kamati ya pamoja ya chuo kikuu cha afya cha CUHAS na Hospitali ya Bugando. Ukiwa na mshirika kutoka nje ya nchi, andaa maombi ya NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) ngazi ya taifa. Cheti huwa cha mwaka mmoja, kwa hiyo weka kumbukumbu ya kukihuisha kabla awamu ya pili ya ukusanyaji haijaanza. Mtu hurudi Ukerewe baada ya miezi 14 akidhani karatasi yake bado hai.

Baada ya hapo ni kibali cha utafiti. Wanafunzi na wahadhiri wa vyuo vikuu hukipata kupitia chuo chao. Wageni hupitia COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), na pia wanahitaji kibali cha ukaazi daraja C; viza ya utalii haikufanyi mtafiti.

Kisha unashuka ngazi kwa ngazi: Katibu Tawala wa Mkoa, Katibu Tawala wa Wilaya, Mkurugenzi wa Halmashauri, Mtendaji wa Kata, Mtendaji wa Kijiji au Mtaa, mwenyekiti wa kitongoji. Mwaloni ongeza mwenyekiti wa BMU, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi. Yeye hana mamlaka ya kisheria juu ya utafiti wako, lakini akitikisa kichwa tu hakuna mvuvi atakayekaa chini kuongea na wewe.

Kosa linalopoteza siku nyingi zaidi ni barua kuandikiwa halmashauri isiyohusika. Mkoa una wilaya saba lakini halmashauri nane. Visiwa vya Kome na Maisome viko Wilaya ya Sengerema, ila halmashauri yake ni Buchosa. Mwalo wa Kirumba uko Manispaa ya Ilemela. Barua ya Jiji la Mwanza haifanyi kazi pale, hata kama kutoka katikati ya mji unafika kwa daladala moja. Beba nakala za karatasi, angalau mbili kwa kila kata. Picha ya barua kwenye simu haipigwi muhuri.

NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu) inanizuia kuchapisha takwimu zangu?

Hapana, mradi usizitangaze kama takwimu rasmi. Hofu hii ilitokana na marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya 2018, yaliyoweka adhabu ya jinai kwa anayechapisha takwimu zinazodaiwa kupotosha zile rasmi. Adhabu hiyo iliondolewa kwa marekebisho ya 2019, lakini hofu haikuondoka nayo, na bado kuna wahariri na wafadhili wanaonukuu sheria ya zamani.

Kinga yako ni mbinu zilizo wazi. Chapisha pamoja na matokeo: tarehe za ukusanyaji, fremu (orodha ambamo sampuli ilichaguliwa) iliyotumika, ukubwa wa sampuli, kiwango cha waliokataa, uzito uliotumika na maneno kamili ya swali. Namba yako ikitofautiana na ya NBS, angalia kwanza kama mmeita “kaya” kitu kimoja. Kambi ya wavuvi 12 wanaokula sufuria moja, kwa tafsiri moja ni kaya, kwa nyingine ni makazi ya pamoja, na tofauti hiyo peke yake inaweza kubadili wastani wa ukubwa wa kaya kisiwani. Kabla ya kuanza, mtembelee Meneja wa Takwimu wa Mkoa.

Nina kaya 200 tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inanihusu?

Inakuhusu. Sheria Na. 11 ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Haiangalii idadi ya kaya. Inaangalia kama taarifa zinamtambulisha mtu. Jina, namba ya simu, namba ya NIDA, nukta ya GPS ya mlango wake, sauti yake: vyote vimo.

Mkusanyaji, kwa maana ya sheria hii, ni taasisi inayoamua taarifa zikusanywe kwa lengo gani. Mdadisi anayebisha hodi siye. Kampuni uliyoipa kazi ya kuhoji kwa niaba yako ni mchakataji, na mkataba wenu lazima useme hivyo, useme pia data zitafutwa lini kwenye vifaa vyao. Wote wawili wanatakiwa kusajiliwa na Tume. Taasisi inapaswa kuwa na afisa wa ulinzi wa taarifa binafsi. Kwa asasi ndogo anaweza kuwa mtu mwenye kazi nyingine, mradi asiwe yule anayesukumwa kumaliza dodoso haraka, maana atakuwa anajikagua mwenyewe.

Majibu kuhusu afya, ikiwemo VVU na kichocho, yachukulie kuwa taarifa nyeti: kimsingi yanahitaji ridhaa ya maandishi. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye anayeridhia, na hilo haliondoi wajibu wa kumuuliza mtoto mwenyewe kama anataka.

Seva ya programu yetu iko Ulaya. Ni kosa?

Si kosa kwa kuwa nje peke yake, lakini ni usafirishaji wa taarifa nje ya nchi na una masharti yake. KoboToolbox, kwa mfano, ina seva ya kimataifa na seva ya Umoja wa Ulaya, na unachagua wakati wa kufungua akaunti. Wengi hawakumbuki walichagua ipi, na hapo ndipo maombi ya maadili yanapoandikwa uongo bila kukusudia.

Njia inayofanya kazi ni kugawa dodoso katika fomu mbili. Fomu A ina jina, simu na mahali, na hukaa kwenye seva au diski iliyoko nchini. Fomu B ina majibu tu pamoja na namba ya kaya. Jedwali linalounganisha namba na majina hukaa kwa mtu mmoja, limefungwa kwa nenosiri, na halitumwi kwa barua pepe.

Juu ya hapo washa usimbaji, yaani kuzifunga data zisisomeke bila ufunguo. Programu za familia ya ODK, KoboToolbox ikiwemo, hutumia jozi ya funguo: ule wa umma huwekwa kwenye fomu, ule wa siri hubaki ofisini. Data zikishafungwa kishikwambini, hata mwenye seva hawezi kuzisoma. Gharama yake ni mbili. Huwezi kutazama majibu moja kwa moja kwenye seva, lazima uyashushe na kuyafungua kwanza. Na ufunguo wa siri ukipotea, data zimepotea, hakuna fundi wa kuzirudisha. Tunza nakala mbili za ufunguo huo, kwenye majengo mawili tofauti. Kama ni data za afya, mshirika wa nje asipewe chochote kabla ya mkataba wa uhamishaji data kusainiwa.

Utafiti unaogusa pande zote tatu za ziwa unaongeza Kenya na Uganda, ambazo kila moja ilipitisha sheria yake mwaka 2019. Usitafute fomu moja ya ridhaa ya nchi tatu. Andika tatu.

Ridhaa ikichukuliwa kwenye kishikwambi inatosha?

Saini ya kidole kwenye kioo inakubalika na kamati nyingi, ila mhojiwa hubaki mikono mitupu. Mwachie karatasi: jina la utafiti, nani anaulipia, data zitakaa wapi na kwa muda gani, namba ya simu ya kupiga akitaka majibu yake yafutwe. Asiyejua kusoma aweke dole gumba mbele ya shahidi ambaye si mmoja wa timu.

Kama programu inarekodi sauti kimyakimya kwa ajili ya ukaguzi, lazima hilo lisemwe kwenye ridhaa. Kurekodi bila kusema ni kuvunja sheria, hata kama lengo lilikuwa kumbana mdadisi mvivu.

Orodha ya kaya za visiwani nitaipata wapi?

Msingi ni maeneo ya kuhesabia watu ya Sensa ya 2022, yanayopatikana NBS kwa maombi. Sensa hiyo ilihesabu watu 3,699,872 Mwanza, kwa rejeo la usiku wa kuamkia 23 Agosti. Rejeo hilo likumbuke ukifanya kazi kisiwani. Kambi za wavuvi hujaa na kutawanyika kwa kufuata samaki, bei na mwezi. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea wengi husimamisha kazi, na baadhi huenda kwao. Ukiorodhesha kambi wiki ya mbalamwezi na kuhoji wiki ya giza, orodha yako si ya watu unaowakuta.

Kwa hiyo orodhesha upya kila eneo lililochaguliwa, na usiache zaidi ya siku chache kati ya kuorodhesha na kuhoji.

Picha za satelaiti zinasaidia kwa kiasi. Data huria za majengo kama Open Buildings ya Google zinakuonyesha penye paa, lakini kwenye vilima vya mawe vya Mabatini au Igogo paa zilizobanana huhesabika kama jengo moja, na mabanda ya muda ya kambini huenda hayakuwepo siku picha ilipopigwa. Namba za nyumba za anwani za makazi zinafaa kumrudisha msimamizi kwenye mlango uleule, ila usizitumie kama orodha ya kaya: nyumba moja ya kupanga inaweza kuwa na kaya sita.

Kwa nini sampuli ya 384 haitoshi?

Kwa sababu 384 ni jibu la hesabu ya sampuli nasibu sahili: kiwango cha uhakika cha asilimia 95, kosa la asilimia 5 juu au chini, uwiano wa nusu kwa nusu. Wewe huchagui watu mmojammoja kutoka mkoa mzima. Unachagua maeneo, kisha kaya ndani yake, na majirani hufanana. Athari ya mpangilio huo hukokotolewa hivi: 1 + (m − 1) × ρ, ambapo m ni kaya kwa kila eneo na ρ ni kiwango cha kufanana. Kwa m = 20 na ρ = 0.05 unapata 1.95. Zidisha 384 kwa 1.95: kaya 749. Ukitarajia asilimia 10 kukosekana, gawanya kwa 0.9: kaya 833.

Ukipunguza hadi kaya 10 kwa eneo, athari inashuka hadi 1.45 na unahitaji kaya 619, lakini maeneo yanaongezeka kutoka 42 hadi 62. Bara hiyo ni nafuu. Visiwani, ambako kila eneo jipya ni boti, mafuta na siku nzima, mara nyingi ni afadhali kaya 20.

Vishikwambi huharibikia wapi?

Mara chache ni kuvunjika. Zaidi ni haya.

Toleo la fomu. Ofisi inarekebisha swali Jumanne, timu ya kisiwani Ukara haina mtandao hadi Ijumaa, na sasa una matoleo mawili ya swali lilelile. Baada ya majaribio funga fomu. Kama marekebisho hayaepukiki, badilisha namba ya toleo na jina la kigezo (safu ya swali hilo kwenye data), usiandike juu ya kile cha zamani.

Tarehe na saa. Kifaa kilichoisha chaji kabisa kinaweza kuwaka na tarehe isiyo sahihi, na mahojiano yakaonekana yamefanyika miaka iliyopita. Weka sharti ndani ya fomu: tarehe ikiwa nje ya kipindi cha kazi, fomu isifunguke.

GPS. Kifaa kilichohamishwa mbali na kisicho na intaneti kinaweza kuchukua dakika kadhaa, wakati mwingine zaidi ya 10, kupata nukta ya kwanza. Mdadisi hakai akisubiri. Anabonyeza kukubali usahihi wa mita 500 na nyumba inaonekana iko ziwani. Mfundishe awashe GPS akiwa njiani, nje, juu pakiwa wazi, na sharti la fomu liwe mita 10 au pungufu kabla ya kuhifadhi. Chini ya paa la bati hutapata hiyo mita 10 hata ukikesha.

Chaji. Mwanga wa kioo ndio unaokula. Panga pawabenki moja kwa kila mdadisi na paneli moja ya sola kwa timu, na zima masasisho ya kujiendesha kabla ya kuondoka mjini, la sivyo bando la wiki litaisha kwenye sasisho la mfumo siku ya kwanza.

Maji. Mfuko wa plastiki wenye zipu ndani ya ndoo yenye mfuniko unatosha kwenye mtumbwi. Hakuna haja ya vifuko vya bei kubwa.

Majibu ya saa yamevurugika. Tatizo ni nini?

Mhojiwa anasema “saa 2” akimaanisha asubuhi jua limeshachomoza. Mdadisi anagusa 2:00 kwenye saa ya kishikwambi, na data zinasoma usiku wa manane. Anayeondoka kuvua “saa 12” anakuwa ameondoka adhuhuri. Ondoa kabisa kiteuzi cha saa cha programu. Weka maswali mawili: kwanza kipindi (alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, jioni, usiku), kisha saa ya Kiswahili 1 hadi 12. Ubadilishaji wa kuongeza au kupunguza 6 ufanywe na fomu yenyewe. Data zilizokwisha kukusanywa zinaweza kuokolewa tu kama ulikuwa na swali lingine linalobainisha usiku au mchana.

Dodoso liwe Kiswahili pekee?

Mjini, ndiyo. Kwimba, Magu na Misungwi utawakuta wazee wanaoelewa Kisukuma zaidi. Ukerewe kuna Kikerewe na Kijita, Ukara kuna Kikara. Usipotoa tafsiri ya maandishi, kila mdadisi atatafsiri kichwani na utakuwa na madodoso mengi kuliko wadadisi. Tafsiri maswali 15 hadi 20 yanayobeba utafiti, mtu wa pili ayarudishe Kiswahili bila kuona ya mwanzo, kisha wakae pamoja. Tafsiri ya mashine kwa lugha hizi bado haiaminiki. Itakupa sentensi yenye sura nzuri ambayo bibi wa Ngudu hataitambua.

Nitamjuaje mdadisi anayepika data?

Kupika data hakujaisha kwa kuja kwa vishikwambi, kumebadilika sura. Zamani aliketi chini ya mwembe na kalamu. Leo anaketi chini ya mwembe uleule na GPS inamchongea. Angalia kila jioni: mahojiano 6 ndani ya duara la mita 20 wakati kaya ziko mbalimbali, dodoso la dakika 45 kukamilika kwa dakika 14, wote kujibu “hapana” kwenye maswali ya mchujo, kwa sababu kila “ndiyo” inafungua maswali mengine 12, na majibu ya mahojiano mawili kufanana kwa zaidi ya asilimia 85.

Hakuna kipimo hata kimoja hapo kinachotosha kumfukuza mtu. Wake za wavuvi wanaoanika dagaa hukaa pamoja ufukweni, na mahojiano 6 mahali pamoja yanaweza kuwa halali kabisa. Rudia asilimia 10 ya kaya kwa ziara au simu, ukiuliza maswali 5 yasiyobadilika kwa wiki moja: idadi ya watu, aina ya paa, chanzo cha maji, kama kuna mtu alikuja, alikaa muda gani.

Na chunguza ujira. Ukilipa kwa idadi ya madodoso, umeagiza mpishi.

Tunapiga simu, watu wanakata. Tufanye nini?

Nchi nzima imeshapokea ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii”. Anayepigiwa na namba ngeni inayouliza umri, kipato na jina la kijiji ana kila sababu ya kukata. Usijaribu kumshawishi kwa maneno mengi.

Tuma ujumbe mfupi siku moja kabla, wenye jina la taasisi kama mtumaji. Piga kwa namba moja isiyobadilika. Mwambie anaweza kuuliza kwa mtendaji wake, ambaye tayari ana barua. Usiulize kamwe namba ya NIDA, namba ya siri, wala salio, na sema hivyo sekunde za mwanzo.

Saa nazo: mvuvi wa dagaa hurudi alfajiri, anauza, analala. Saa 9 hadi 11 alasiri ndipo unampata. Wanaoanika usiwapigie asubuhi.

Usinunue orodha ya namba kutoka kwa mtu. Namba hizo zilitolewa kwa shughuli nyingine, na mwenye nazo hakuridhia kuja kwako. Tumia namba zilizokusanywa na utafiti uliotangulia kwa ridhaa ya kupigiwa tena, au tengeneza namba nasibu: kiambishi cha mtandao kisha tarakimu 7 zilizochaguliwa na kompyuta. Kwa njia hii mwenye laini tatu ana nafasi mara tatu ya kupatikana, uliza “una laini ngapi unazotumia mwenyewe?” na gawanya uzito wake kwa idadi hiyo. Hesabu hiyo haitamrudisha mwanamke anayetumia simu ya mumewe, kwa hiyo usiite matokeo ya simu kuwa ya “wakazi wa Mwanza”.

Kiungo cha dodoso kwenye makundi ya WhatsApp kinafaa?

Kwa kujua maoni ya watu waliokibonyeza. Kukadiria asilimia ya jambo lolote mkoani, hapana. Ukiongeza zawadi ya vocha umewaita wanaojaza mara 30.

Tatizo jipya ni kubwa zaidi. Novemba 2025 Sean Westwood wa Chuo cha Dartmouth, Marekani, alichapisha kwenye jarida la PNAS jaribio ambamo wakala wa akili mnemba alijibu madodoso ya mtandaoni na kupita asilimia 99.8 ya maswali ya kupima umakini. Kwa hiyo yale maswali ya “chagua jibu la nne kuonyesha unasoma” hayana kazi tena dhidi ya mashine, yanabaki kuwaudhi binadamu. Kinachobaki ni kujua nani amealikwa: kiungo cha pekee kwa kila mtu, kinachofunguka mara moja, kilichotumwa kwa namba iliyothibitishwa. Zawadi ilipwe baada ya ukaguzi. Mahojiano ya ana kwa ana, ambayo wengi walianza kuyaona ya kizamani, yamepanda thamani.

Naruhusiwa kutumia akili mnemba kuandika rekodi za sauti na kupanga majibu ya wazi?

Kupakia sauti au majibu ya mhojiwa kwenye huduma ya mtandaoni ni kusafirisha taarifa zake nje, mara nyingi kwa masharti ambayo hujayasoma. Kama ridhaa haikusema, usifanye. Programu za kunukuu sauti zinazoendeshwa ndani ya kompyuta yako zipo, na kwa Kiswahili sanifu zinasaidia. Mazungumzo yanayochanganya Kisukuma na Kiswahili zinayavuruga, tena kwa kujiamini, zikitunga maneno penye ukimya. Sikiliza upya kila nukuu utakayoichapisha.

Kupanga majibu ya wazi katika makundi: ondoa kwanza majina ya watu, mialo na boti. Watu wawili wapange majibu 200 kwa mkono, kila mmoja peke yake, ndipo ulinganishe na mashine kwa kappa, kipimo cha kukubaliana kwa wapangaji. Ikiwa chini ya 0.7, mwongozo wako wa makundi ndio mbovu, anza hapo.

Kuna wanaopendekeza “wahojiwa bandia”, mashine ijibu kana kwamba ni mchuuzi wa Soko la Mwaloni. Tumia kujaribu kama fomu yako inaruka maswali inavyotakiwa. Ukiyaripoti kama majibu, hiyo ni kupika data kwa umeme.

Nawezaje kuuliza kuhusu nyavu haramu bila kudanganywa?

Tangu Operesheni Sangara ya 2018, msako wa serikali dhidi ya uvuvi haramu, mtu mwenye kishikwambi ufukweni anafanana na doria. Usipige picha, usichukue GPS kwenye boti, na usivae jaketi lenye nembo ya serikali.

Kwa swali lenyewe tumia dadu. Mhojiwa anairusha akiwa amekugeuzia mgongo: ikitoka 1 anasema “ndiyo”, ikitoka 6 anasema “hapana”, ikitoka 2 hadi 5 anasema ukweli. Hakuna anayeweza kujua “ndiyo” ya mtu mmoja ilitoka wapi. Kwa kundi zima, chukua uwiano wa “ndiyo”, toa 1/6, gawanya kwa 4/6. Ukipata “ndiyo” asilimia 40, makadirio ni asilimia 35. Kinga hii inataka sampuli kubwa zaidi ya mara mbili kupata usahihi uleule, kwa hiyo itumie kwa swali moja au mawili. Dadu iwe ya kushikika. Ya kwenye kioo cha kishikwambi haiaminiki na wala haipaswi kuaminika, kwa sababu programu inaweza kuwa imehifadhi ilichotoa.

Mfadhili anataka data ziwekwe wazi. Nifute nini?

Kufuta majina ni hatua ya kwanza tu. Muuguzi mwanamke mwenye miaka 52, mjane, kisiwani Irugwa: huhitaji jina. Panga umri kwa miaka mitano, kazi kwa makundi mapana, na hakikisha kila mchanganyiko wa kata, jinsia, umri na kazi una watu wasiopungua 5. Ukipungua, panda ngazi kutoka kata hadi wilaya. Nukta za GPS usitoe za kaya. Tafiti za DHS (za demografia na afya) huhamisha nukta ya eneo hadi kilomita 2 mjini na hadi kilomita 5 vijijini, na asilimia 1 ya zile za vijijini hadi 10. Kwenye visiwa vidogo ukifuata hivyo bila kufikiri unaweza kuiweka kaya ndani ya maji au kisiwa kingine, kwa hiyo weka sharti nukta ibaki nchi kavu na ndani ya wilaya yake.

Intaneti ikikatika kabisa?

Ilitokea nchi nzima wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2025. Fomu zifanye kazi bila mtandao, kila jioni msimamizi anakili data zilizosimbwa kwenye diski, na orodha ya kaya za kesho iwe pia kwenye karatasi.

Kishikwambi kimeibwa Nansio. Hatua gani?

Siku hiyohiyo: funga akaunti ya mdadisi kwenye seva, badilisha nenosiri la timu, zuia laini iliyokuwemo, toa taarifa polisi na upate namba ya ripoti. Andika ni mahojiano mangapi yalikuwa hayajatumwa, ya kaya zipi, na kama yalikuwa yamesimbwa. Ijulishe Tume bila kuchelewa, na kamati ya maadili pia. Wengi huikumbuka moja na kuisahau nyingine. Kama data zilikuwa wazi, wahojiwa wale waambiwe na mtu anayefika mlangoni. Kwa kaya ambazo majibu yake yamepotea, usimtume mdadisi “akumbuke” alichojibiwa. Omba ridhaa upya na uhoji upya, au zihesabu kuwa hazikupatikana.